Sura ya Tisa: Nafasi ya Saba

Jumatano ile nilimeza kidonge saa nne na nusu asubuhi, kwa sababu Boyang, mchumba wangu, aliniambia atafika saa tano.

Kidonge changu huchukua nusu saa kuanza kazi, kisha hunipa saa tatu. Ndani ya saa hizo kope zangu husimama, taya hutafuna, na sauti hutoka kifuani badala ya kutokea puani. Zikiisha, uso wote hushuka. Siwezi kumeza kingine upesi, kwa maana kikizidi hunifunga pumzi. Miaka kumi na miwili nimekata vitambaa vya suruali kwenye soko la Hanzheng. Kazi hiyo nilijifunza peke yangu, nikitazama mikono ya wengine, mpaka nikajua kupanga vipande juu ya jora bila kupoteza hata upana wa kidole. Ugonjwa uliponijia nilizipanga saa zangu vivyo hivyo. Saa za Boyang nilizikata kwanza. Kwenye mabaki nilikula na kuoga.

Nilimsubiri jikoni kwa Mama Fang, kwenye uchochoro ulio nyuma ya hospitali. Ni chumba kirefu chenye majiko ya gesi kumi, na watu hukodi jiko ili kumpikia mgonjwa wao. Wake huwapikia waume zao, mabinti huwapikia baba zao, kisha huficha chupa ya supu ndani ya koti na kukimbilia wodini kabla haijapoa. Mle ndani ni mimi tu niliyekuwa mpishi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

"Hiyo supu unaipika au unaiombea?" Mama Fang aliniuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kwa sababu mikono yangu haipendi kuinuliwa, na sufuria alinitelekea yeye. "Tangu asubuhi unaichungulia tu."

"Mizizi ya yungiyungi haitaki haraka, mama."

"Mizizi imeiva zamani. Mbavu zimeshaachana na nyama. Ambaye hajaiva ni huyo fundi lifti wako." Alifunua kifuniko, akanusa, akafunika. "Anapandisha watu ghorofa arobaini, yeye mwenyewe ngazi tatu za kwangu zinamshinda."

"Atakuja."

"Sijasema haji. Nimesema amechelewa."

Saa sita ilipita. Mvua ya Novemba ilikuwa nyembamba, ile isiyosikika juu ya bati, inayokulowesha polepole hadi mifupani. Nilihesabu nilichobakiwa nacho. Saa mbili. Saa moja na nusu. Saa moja.

Kesho yake, Alhamisi, nilitakiwa kuingia kwenye majaribio. Mwezi mmoja kabla walikuwa wamenilaza kando ya mashine, damu ikatoka mkono huu na kurudi kwa mkono ule, na mashine ikabaki na seli zangu nyeupe. Zilipelekwa maabara zikafundishwa kuwinda zile seli nyingine, zilizopotoka, zinazotengeneza sumu ya kukata mawasiliano kati ya neva zangu na misuli yangu. Kwa saratani za damu dawa hiyo imeshazoeleka. Kwa watu kama mimi ilikuwa bado inapimwa. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na yangu ilikuwa ya saba.

Katika sita walionitangulia, wanne waliinua tena mikono. Mmoja hakubadilika. Mmoja alichemka homa siku tisa asimtambue hata mwanawe, kisha akili ikarudi.

"Sitakwambia utapona," Daktari Qi alinieleza, akinitazama usoni. "Nakwambia tutakuangalia kwa makini na tutaandika kila kitu."

Nilimwamini kwa maneno hayo. Mimi pia siwezi kumwambia mteja jinsi kitambaa kitakavyokuwa kabla sijakifua.

Dawa nyingine zote zilikuwa zimenishinda. Mara mbili pumzi ilikuwa imekatika na bomba likaingizwa kooni. Daktari alisema mara ya tatu asingependa kuiona.

Yalibaki mambo mawili. La kwanza, kila anayeingia lazima awe na ndugu wa kutia sahihi, wa kumwamulia akili ikipotea kwenye homa. La pili, kabla ya kurudishiwa seli, kuna siku tatu za dawa kali ya kuzitengenezea nafasi mwilini, na dawa hiyo inaweza kuua mayai ya mwanamke moja kwa moja. Baada yake ni miaka miwili bila kushika mimba, na baada ya hiyo miwili hakuna anayejua.

Mimi na Boyang tulishapanga. Tuandikishe ndoa mwezi wa nane. Yeye awe ndugu yangu wa kutia sahihi, na mayai yangu yahifadhiwe kwenye barafu, maana hospitali haihifadhi ya mwanamke asiye na cheti cha ndoa. Lakini msajili hamfungulii mtu daftari bila kitabu cha kaya, kile cha serikali chenye majina ya watu wote wa nyumba moja, na kitabu cha kwao alikuwa nacho mama yake. Alikificha kwenye pipa la mchele. Boyang alipokaribia kukipata, mama akakihamishia kwa dada yake mwenyewe, anayeishi Huangpi. Mwezi wa nane ukapita hivyo. Wa tisa ukapita, na wa kumi.

Mama huyo simlaumu. Alikutana nami nje ya saa zangu. Boyang alinipeleka kwao kula chakula cha jioni, akaniomba tusiseme kwanza habari za ugonjwa. Nikapanga kidonge changu kwa saa kumi na mbili. Ikawa anasubiriwa mjomba, na mjomba akachelewa saa mbili. Ulipofika wakati wa kuwainulia wazee glasi kwa mikono miwili, mikono yangu iliishia kifuani. Mama yake akatania kitu, nikacheka. Na kicheko changu bila kidonge si kicheko. Pembe za mdomo hazipandi, unapanda mdomo wa juu peke yake, meno yakabaki nje kama ya mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Msichana wako amenidharau mezani kwangu," alimwambia mwanawe. Na alipoambiwa ukweli ikawa mbaya zaidi. "Kumbe ni mgonjwa. Na mimi nina mtoto mmoja."

Boyang alifika saa saba na nusu. Aliegesha pikipiki yake ya umeme mlangoni, akapanda zile ngazi tatu, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umelowa."

"Ng'ambo ya daraja, Hanyang, mvua ni kubwa kuliko huku."

"Kaa. Kula kwanza."

Alikaa lakini hakula. Alinitazama kwa namna yake, akianzia kwenye kope kisha mdomoni, anisome nimebakiwa na muda gani. Hakuna mtu mwingine aliyejifunza kunisoma hivyo. Kisha akafungua zipu ya koti, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kitabu chekundu. Akakiweka mezani kati ya mabakuli yetu.

Nilikuwa sijawahi kukiona. Miezi mitatu kilikuwa kikubwa kama mlango, kumbe ni kidogo kama daftari la shule.

"Umekiiba?"

"Amenipa mwenyewe. Tulikuwa tunazungumza tangu alfajiri, ndiyo maana nimechelewa."

"Mama amekupa? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Hata vumbi alilifuta."

Nilishika ukingo wa meza. "Basi twende sasa hivi. Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

Hakuinuka. Nikajua kuna neno limefuatana na kitabu.

"Ana sharti moja tu, Hui."

"Liseme."

"Tuandikishe leo, anakubali. Atakuja mwenyewe kukuomba radhi kwa yale ya mezani. Lakini hiyo dawa isubiri. Mwaka mmoja tu. Tupate mtoto kwanza, halafu uingie, na yeye atabaki na mtoto."

Kwenye jiko la pili, mwanamke aliyekuwa akikatakata tangawizi aliacha kukata. Mama Fang akamkoholea. Akaendelea kukata.

"Nafasi haisubiri mwaka," nilisema. "Kesho nisipoingia, anaingia wa nane."

"Kutakuwa na majaribio mengine."

"Nani kakwambia?"

"Daktari Qi alisema."

"Alisema anatumaini. Ulikuwepo." Nilipumua kidogo. "Na pumzi ikikatika nikiwa na mimba?"

"Mara zote mbili ulitoka salama."

"Mara zote mbili wewe ulikuwa nje ya mlango, Boyang. Mimi nilikuwa ndani."

Aliinamisha kichwa. Matone yalimdondoka nywelani yakaingia kwenye bakuli. Nilitamani kumfuta, lakini mkono ulikuwa umeshaanza uzito wake, na nilitaka kuuhifadhi kwa kazi nyingine ya siku ile.

"Unamtaka huyo mtoto?" nilimuuliza.

"Nakutaka wewe."

"Hilo nalijua. Nimekuuliza la mtoto."

Alikisogeza kitabu upande kidogo.

"Namtaka," alisema. "Nikikwambia simtaki nitakuwa nakudanganya."

Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko nilivyompenda siku zote. Angesema uongo, ingekuwa rahisi.

"Na mimi namtaka," nilisema. "Mwezi wa nane tungekuwa na cheti, leo angekuwa anatusubiri kwenye barafu. Tusingekuwa tunazungumza haya."

"Mama hajui hilo la barafu. Sikumweleza."

"Usimweleze."

"Kwa nini nisimweleze? Yeye ndiye aliyeficha kitabu. Anataka mjukuu na yeye mwenyewe ndiye..."

"Ndiyo maana usimweleze. Atakaa nalo peke yake maisha yake yote. Litamsaidia nini?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtu aliyemdhania dhaifu. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Nilianza kuhisi kope ya kushoto ikishuka, na herufi zikinilegea mdomoni. Nililokuwa nalo la kuuliza nilijua ni moja, na nilikuwa nimelizunguka kwa uoga.

"Tuandikishe leo," nilisema polepole. "Kesho niingie. Mama akasirike, tutamwomba radhi pamoja, hata miaka mitatu. Utafanya hivyo?"

Aliugusa mfuko wa plastiki, akaunyoosha mikunjo, akaukunja tena.

"Boyang."

"Nimeapa."

"Umeapa nini?"

"Aliniweka mbele ya picha ya baba. Kwamba nikikichukua kitabu, dawa inasubiri."

"Ukaapa."

"Alikuwa analia, Hui. Tangu baba afariki sijawahi kumwona akilia. Nifanyeje?"

Sikuona kwamba ni mtu mbaya. Nilimwona ni mtoto mmoja wa mama mmoja, kama alivyokuwa siku niliyomjua. Ila alikuwa amenijibu swali langu tangu alfajiri, kabla sijaliuliza, na mimi nilikuwa huku nachungulia supu.

Taya likashuka.

Mwenye ugonjwa huu huwa anajishika kidevu mwenyewe ili amalize maneno. Mimi nilikuwa na Boyang. Miaka miwili, kila taya liliponiacha katikati ya sentensi, alikuwa akinyoosha mkono na kuniwekea vidole viwili chini ya kidevu, bila kuninyamazisha, bila kunimalizia maneno. Wapita njia walidhani ananibembeleza. Labda ni kweli alikuwa ananibembeleza.

Alinyoosha mkono. Vidole vilikuwa baridi, vinanuka grisi. Nikavilalia.

"Nenda nyumbani," nilimwambia. Sauti ilikuwa imeshahamia puani. "Kitabu... mrudishie mama."

"Hui."

"Sijamaliza."

Vidole vilikaa palepale, imara.

"Kesho usije. Nikikuona mlangoni... sitaingia. Najijua. Nitakufuata. Na nikikufuata... nitakufa mikononi mwako... na mama yako atasema... ni mimi niliyekuvunja. Usije."

Hata kwenye neno la mwisho havikuniachia. Alinishika kidevu mpaka nikamaliza kumfukuza. Kisha aliviondoa taratibu, kama mtu anavyotua kikombe kilichojaa, akasubiri aone kama nitaongeza kitu. Sikuwa na sauti ya kuongeza.

Alichukua bakuli lake, akainywa supu yote akiwa amesimama, na mizizi akaitafuna, kwa sababu nilimpikia. Akakirudisha kitabu ndani ya koti.

Macho yangu yalikuwa yameanza kuona viwiliviwili. Niliona Boyang wawili wakitoka mlangoni, bega kwa bega, wakashuka ngazi tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.

Mama Fang alikuja akakaa kwenye kigoda kilichobaki wazi. Hakunipa pole. Alijipangusa mikono kwenye aproni.

"Sasa nani atatia sahihi?"

Nilimsogezea simu yangu, nikamwonyesha jina. Baba yangu analima chai milimani Enshi. Mama alipokufa alioa tena, akapata watoto wengine, na kati yetu hapakuwa na ugomvi wowote. Tuliacha tu kupigiana, leo na kesho, hadi ikafika miaka miwili. Hakujua hata kwamba naumwa.

"Wewe ndiye baba yake Shuhui?" Mama Fang alisema simu ilipopokelewa. "Kaa chini kwanza. Hapana, hajafa. Nimekwambia kaa chini ndiyo nikueleze, usiniulize mbio mbio. Mimi nani? Mimi ni mwenye jiko."

Alimweleza yote, kwa mpangilio mbaya, akianzia kwa fundi lifti. Mimi nilikuwa nimekaa nimejishika kidevu kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa kulia ukichoka nabadilisha wa kushoto.

"Anauliza treni inafika stesheni gani," Mama Fang aliniambia, akifunika simu kwa kiganja. "Anauliza pia kama bado unakula pilipili. Nimwambie nini?"

Nilitikisa kichwa kumkubalia.

Baba alifika asubuhi ya Alhamisi, amevaa koti lake la kwendea harusini, amebeba mfuko wa pilipili zilizokaushwa ambazo nesi alimwambia azitoe wodini hapohapo. Alikuwa amezeeka shingoni. Alisoma karatasi za Daktari Qi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi na tisa, kidole kikifuata mstari, na pale asipoelewa aliuliza, na alipojibiwa aliuliza tena. Daktari hakumharakisha. Saa tatu akatia sahihi. Mahali palipoandikwa uhusiano na mgonjwa alikaa na kalamu hewani kwa muda, kisha akaandika: baba.

"Yule kijana yuko wapi?" aliniuliza tulipobaki wawili.

"Kwao."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri, baba."

Alitikisa kichwa. Hakuuliza zaidi, na sijui kama nilitaka aulize.

Nesi alileta mfuko wa ile dawa kali ya siku tatu. Ilikuwa haina rangi, kama maji ya kawaida. Aliuliza jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, namba yangu kwenye majaribio. "Saba," nilisema. Akaniuliza kama niko tayari, nikamwambia aanze. Nililitazama tone la kwanza likikusanyika, likanenepa, likaanguka. La pili. Nilidhani nitahisi kitu tumboni, mahali ambapo watoto wangekaa. Sikuhisi kitu. Machozi yalinitoka tu, mengi, na kwa kuwa kope zangu hazifungi vizuri yalishuka bila kizuizi.

Simu ikalia juu ya kabati. Baba aliichukua akaisogeza mbali na macho asome.

"Imeandikwa Boyang."

Nilitaka kunyoosha mkono. Ule usio na sindano ulikuwa huru. Lakini nilijua nikiisikia sauti yake nitaichomoa sindano ya huo mwingine.

"Mwambie nimelala."

Baba alipokea. Alisikiliza, nyusi zimekunjana, kama anavyosikiliza watu wa mjini.

"Ni baba yake," alisema. "Ndiyo. Ndiyo." Akanitazama. "Anauliza kama mmeanza. Anasema yuko njiani, amemwambia mama yake hapana, yuko kwenye daraja, foleni haisogei. Anaomba muda kidogo, saa moja tu, wasianze."

Nilitazama mfuko. Ulikuwa umepungua upana wa vidole vitatu.

"Mwambie nimelala, baba."

Baba yangu ni mtu ambaye hajui kusema uongo, hata wa sokoni. Alinitazama usoni, akautazama mrija, akageukia dirishani kana kwamba kijana yuko pale nje.

"Hajalala," alisema kwenye simu. "Analia. Lakini dawa imeshaingia, mwanangu."

Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza.

"Hasemi kitu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini hajakata."

Hakujua afanye nini na simu iliyo wazi isiyosema. Kwa hiyo aliishikilia juu ya kitanda, mkono umenyooka, katikati yangu na dirisha. Matone yaliendelea kushuka. Nilisikia honi za kwenye daraja, na mvua, na mtu anayehema.